Ada ya Barabara kwa Anayejenga Nyumba



Leo tunazungumza nanyi juu ya ada. Si kodi ya kila mwaka. Ni ada anayotozwa mtu mara moja, anapoomba kibali cha kujenga. Habari yenyewe inatoka Marekani, katika jimbo la California, lakini jambo lake si geni kwetu. Mtu akichangishwa, anataka kujua kwa nini atoe kiasi kile, na fedha inakwenda wapi.

Tuanze na sababu ya ada. Nyumba mpya zikijengwa, watu wanaongezeka. Magari yanazidi barabarani na watoto wanazidi shuleni. Sasa, nani alipe gharama ya kupanua barabara? Halmashauri nyingi za kule zinasema alipe anayejenga, maana wenyeji walikwishalipa yao. Sisi tunaona hayo ni maneno ya haki. Taabu inakuja kwenye kiasi.

Katika wilaya ya El Dorado alikuwako mwananchi mmoja, Bwana George Sheetz. Alikuwa na kiwanja chake. Akataka kuweka nyumba ya kawaida tu, ile inayotengenezwa kiwandani na kuletwa. Alikusudia kumlea humo mjukuu wake. Alipoomba kibali, wilaya ikamwambia alipe dola 23,420 kwa ajili ya barabara.

Hebu fikirini. Hakuna aliyekwenda kupima nyumba ile moja italeta mzigo gani barabarani. Kiasi kilikuwa kimekwisha andikwa katika jedwali: nyumba ya aina hii, mahali hapa, ada hii. Bwana Sheetz akalipa huku anapinga, akapata kibali. Kisha akaenda mahakamani.

Mahakama za California zilimkatalia. Zilisema kipimo cha mzigo na malipo ni kwa ada anayokadiriwa mtu mmoja mmoja na ofisa, si kwa ada iliyowekwa na baraza kwa watu wote. Lakini tarehe 12 Aprili, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema sivyo. Majaji wote 9 walikubaliana. Sharti la kibali, liwe limetoka kwa ofisa au kwa baraza, linapimwa kwa mizani ile ile. Mizani hiyo iliwekwa katika mashauri mawili ya zamani, la mwaka 1987 na la mwaka 1994. Kwanza, ada ihusiane kweli na mzigo unaoletwa na jengo. Pili, iwe kadiri ya mzigo huo.

Wako waliodhani ada zimefutwa. La, hazikufutwa. Majaji hawakusema hata kwamba dola zile zilikuwa nyingi mno. Walirudisha shauri California. Wala hawakuamua kama ni lazima kila nyumba ipimwe peke yake.

Basi halmashauri yenye jedwali la zamani haiwezi kukaa tu. Sheria ya California ya mwaka 2021 inataka uchunguzi wa ada ufanywe upya angalau kila miaka 8. Upitishwe katika mkutano wa hadhara, na watu watangaziwe siku 30 kabla. Tena ada ya nyumba kwa kawaida ifuate ukubwa wa nyumba, ili mwenye vyumba viwili asilipe sawa na mwenye jumba. Hapo tunasema wamefanya vizuri.

Na fedha je? Inawekwa katika akaunti yake peke yake, na hesabu inatolewa kila mwaka. Ikiwa miaka 5 imepita na fedha bado ipo, halmashauri lazima ieleze inangoja kazi gani. Isipoeleza, irudishe. Tulipofika hapo tulicheka kidogo, maana hairudishwi kwa yule aliyelipa. Anapewa mwenye kiwanja wa siku hiyo, hata kama alikinunua jana.