Mwenye Kisukari na Saumu ya Ramadhani

Aliyepashwa habari na tabibu kwamba ana kisukari, hasa akiwa mtu wa pwani aliyelelewa kwa tende, tambi na kaimati za futari, huona kana kwamba amenyimwa Ramadhani yenyewe. Kumbe sharia imemruhusu mgonjwa kula, na wanavyuoni wengi wasema kudunga kidole ili kupima damu hakubatilishi saumu. Basi aonaye sukari imeshuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au imepita 16.6, na afungue papo hapo, ijapokuwa magharibi i karibu, wala asiwaonee haya jamaa. Haya hiyo, kwa rai yangu, ni adui mkubwa kuliko kaimati. Dawa asizipunguze mwenyewe. Amwendee tabibu kabla mwezi haujaandama. Na daku aicheleweshe.