Mafuta ya Chipsi Kwenye Tangi la Dizeli

Msikilizaji, mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi yanaweza kuendesha gari la dizeli. Si jambo geni: kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Taabu ni uzito wake. Yakiwa baridi huziba chujio na kuielemea pampu, ndiyo maana mafundi hufunga tangi la pili, linalopashwa moto kwa maji ya moto ya injini. Gari huwashwa kwa dizeli, likipata moto huhamishiwa kwenye mafuta ya chipsi, na kabla ya kuzimwa hurudishwa kwenye dizeli. Ukisahau, asubuhi utalisukuma. Uingereza, tangu 2007, huruhusu mtu kutumia hadi lita 2,500 za mafuta haya kwa mwaka bila ushuru. Ila injini mpya zenye pampu za shinikizo kubwa hazivumilii mchezo huu. Mwenye nayo asijaribu.