Breki ya baiskeli: sahani au rimu?

Miaka ya karibuni Wilaya ya Butiama imekuwa ikipata wageni ifikapo mwezi Oktoba. Ni waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam katika msafara wa Twende Butiama, ulioanza mwaka 2019, kuja kumkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Watu husimama kando ya lami kuwapungia. Lakini vijana wetu wenye macho ya kifundi hawatazami kofia wala nguo za kubana. Wanatazama katikati ya gurudumu, penye kisahani cha chuma kinachong'aa, wanaulizana: hii nayo itatufaa sisi?

Kisahani hicho ndicho breki ya diski, na swali la vijana hao ni la haki kabisa. Niseme mapema ninaposimama: kwa baiskeli inayobeba mkaa, samaki na madumu ya maziwa katika mkoa huu wa Mara, breki ya rimu ingali ndiyo yetu. Tatizo letu ni kwamba tumeidharau.

Tutazame kwanza ile iliyo nyumbani. Phoenix au Raleigh ya zamani haina hata waya wa breki. Ukibana mkono wa breki, fito za chuma huvuta kipande kilichopinda mfano wa kikuku cha tandiko la farasi, na raba mbili hupanda zikaukaba upande wa ndani wa rimu. Baiskeli za mbio zenye breki ya rimu zenyewe hutumia waya, na raba hubana ubavuni mwa rimu. Kanuni ni ileile. Rimu inayobeba tairi ndiyo hiyo hiyo inayosuguliwa ili chombo kisimame.

Diski imehamisha kazi hiyo. Sahani hufungwa kwenye habu, katikati ya gurudumu, nazo pedi mbili ndogo huibana kwa kuvutwa na waya, au kwa kusukumwa na mafuta kama katika gari. Faida yake si porojo. Sahani iko mbali na matope ya barabarani, mvua haiisumbui sana, na rimu haisagwi na mchanga. Hata gurudumu likipinda kidogo, breki hufanya kazi.

Wazungu wenyewe hawakukubaliana haraka. Shirikisho la Baiskeli Duniani, UCI, lilianza kuijaribu diski katika mbio za barabarani mwaka 2015. Aprili 2016, Mhispania Francisco Ventoso alijeruhiwa mguu katika mbio za Paris-Roubaix, akasema amekatwa na sahani ya breki, na majaribio yakasimamishwa. Yakarudishwa 2017, na katikati ya mwaka 2018 diski ikahalalishwa moja kwa moja. Hata baada ya hapo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alisema mwaka 2021 kwamba hajaridhika nayo: sahani hupata joto katika mteremko mrefu, hupinda, na hukwaruzana na pedi. Lakini mkondo ulikuwa umekwisha kugeuka. Ubingwa wa dunia ulipofanyika Kigali, Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, diski ndiyo iliyotawala kwenye vilima vile vya Rwanda.

Sasa turudi huku kwetu. Froome alikuwa na gari la mafundi nyuma yake. Muuza samaki anayetoka Mwigobero ana pampu, kipande cha tyubu na gundi. Baiskeli za mtumba zenye diski tunaziona mjini Musoma, na baadhi ni nzuri. Lakini ile ya mafuta ikiwa imekaa miaka ghalani na vizuizi vyake vya mpira vimekauka, umenunua baiskeli isiyo na breki. Pedi nazo hazifanani, kila muundo una yake. Na baiskeli iliyorushwa juu ya basi, ikalaliwa na magunia, hushuka na sahani imepinda, na kuinyoosha kwa nyundo ni kuiharibu zaidi.

Liko jambo linalonitisha kuliko hayo yote. Ni ile fikra ya kuchomelea kishikio cha diski kwenye foko ya baiskeli ya kawaida. Rimu ya baiskeli kubwa ina kipenyo cha zaidi ya sentimita 60. Sahani ina sentimita 14 au 16. Maana yake, ili kusimamisha gurudumu lile lile, diski inapaswa kung'ang'ania kwa nguvu ya takriban mara nne kuliko raba za rimu. Nguvu hiyo yote hupita kwenye habu, kwenye spoku, na kwenye mguu mmoja tu wa foko, ule wa kushoto. Baiskeli iliyotengenezwa kwa diski imeimarishwa mahali hapo. Phoenix haikuimarishwa. Bomba jembamba lililochomelewa linaweza kukatika, na halitakatika ikiwa imeegeshwa ukutani. Litakatika mtu akiwa katika mteremko, kabana breki kwa nguvu, na gunia liko mgongoni.

Hata hivyo sitaki kuipamba breki ya rimu. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, raba huteleza juu yake, na mpandaji husubiri sana kabla haijashika. Mvua za masika zinalijua hilo. Tena wengi wetu hatuna hata hizo raba. Zimekauka zikawa kama jiwe, au pamewekwa kipande cha tairi kuukuu, au fito zimefunguliwa zikauzwa chuma chakavu na mwenye baiskeli anasimama kwa kukandamiza soli ya katambuga juu ya tairi. Wengine huondoa breki ya mbele kwa makusudi, ati itawaangusha kifudifudi. La hasha. Mtu anapofunga breki uzito hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Mwenye mzigo mzito nyuma anazihitaji zote mbili, azibane pamoja, polepole, mapema. Uzito wote ukiwa maradufu, kazi ya breki ni maradufu. Mwendo ukiwa maradufu, kazi ni mara nne.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa safari ndefu za lami, na ana uwezo, achukue diski ya waya, si ya mafuta, na anunue pedi za akiba siku hiyo hiyo. Anayebeba mzigo kati ya Bunda na vijiji vyake, fedha hiyo aitie kwenye rimu za alumini, ambazo hushika vizuri zaidi kuliko chuma zikiwa na maji, na kwenye raba mpya nne. Halafu kabla ya kupakia, abane breki ya mbele na kuisukuma baiskeli kwenda mbele. Gurudumu likizunguka, mzigo usubiri.