Flashi Ikichomolewa, Keneli Imjibu Nani?

Ndugu washiriki, kwenye steshenari zetu jambo hili ni la kila siku. Mteja ananakili faili kwenye flashi, mstari wa kunakili unafika mwisho, anaichomoa na kushika njia. Akifika anakokwenda, jina la faili analiona lakini halifunguki. Lawama zinaiangukia flashi, au virusi. Mara nyingi data ilikuwa bado imekaa kwenye RAM ya ile kompyuta.

Nitaizungumzia Linux, kwa kuwa msimbo wake uko wazi na kila mmoja wetu anaweza kuukagua. Programu inapoandika, keneli hunakili data kwenye kurasa za RAM, huzitia alama ya uchafu, kisha huijibu programu kwamba kazi imekwisha. Ni karani anayegonga muhuri wa “imepokelewa” na kuiacha barua mezani. Kwa mipangilio ya kawaida, keneli huamka kila sekunde 5 na kuandika kurasa zilizokaa zaidi ya sekunde 30. Kama RAM ni kubwa na flashi ni ya polepole, mezani panaweza kurundikana mamia ya megabaiti.

Flashi ikichomolewa wakati huo, kugundua kwamba kifaa kimeondoka ni kazi nyepesi. Kwenye plagi ya USB ile bapa tuliyoizoea, vijiti vya umeme ni virefu kuliko vya data, hivyo data hukatika kwanza. Kwenye diski za NVMe, draiva ikisoma rejista ya kifaa kisichokuwepo hupata biti zote ni 1, yaani 0xFFFFFFFF. Draiva iliyoandikwa ovyo huidhani hiyo ni hali halali, ikabaki kusubiri jibu lisilokuja.

Kazi ngumu ni kubomoa yaliyojengwa juu ya kifaa hicho. Foleni ina maombi, mfumo wa mafaili umepachikwa, programu zimefungua mafaili. Keneli ikifuta papo hapo kumbukumbu inayokiwakilisha kifaa, uzi mwingine utagusa mahali palipokwisha kuachiliwa na mashine nzima inaweza kuanguka. Kwa hiyo maombi yaliyo kwenye foleni hurudishwa na kosa, mapya hukataliwa, lakini ile kumbukumbu hubaki hai hadi mshikaji wa mwisho aiachie. Ndiyo maana flashi iliyokuwa sdb, ikirudishwa haraka, pengine huja kwa jina la sdc: jina la kwanza bado lina mwenyewe.

Hadi Linux 6.5 ya mwaka 2023, tabaka la bloku halikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuuambia mfumo wa mafaili kwamba kifaa chake kimekufa. Mfumo uligundua kwa kujigonga kwenye makosa. Sasa mifumo ya mafaili kama XFS na ext4 hupewa taarifa na kujifunga. Kwa maoni yangu, hilo lilichelewa mno.

Tatizo kubwa zaidi ni hizo kurasa chafu. Kifaa hakipo, je, zitunzwe? Zikitunzwa, RAM itajazwa na data isiyo na pa kwenda. Keneli ilichagua kuzitangaza safi na kutoa kosa kwa anayeita fsync, yaani ombi la kuhakikisha data imefika kwenye kifaa. Kwa flashi, uamuzi huo una busara. Lakini njia hiyohiyo hupitiwa na hifadhidata kwenye seva, na mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL walikuja juu: fsync ya kwanza ikishindwa, ya pili inaweza kujibu kwamba mambo ni shwari ilhali data imepotea. Wao walizoea kujaribu tena. Tangu toleo la 11.2 la Februari 2019, fsync ikishindwa PostgreSQL hujiangusha kwa makusudi na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala.

Mimi naiunga mkono keneli katika kuzitupa kurasa. Kosa lake lilikuwa kusahau upesi nani anadaiwa habari. Linux 4.13 ya mwaka 2017 ilianza kurekebisha hilo, kwa kuhakikisha kila aliyekuwa amefungua faili anaambiwa. Lakini hakuna keneli itakayomsaidia mwandishi wa programu anayeita fsync na kupuuza jibu lake, na wa namna hiyo tunao wengi humu nchini.

Kuna anayependekeza flashi zote zipachikwe kwa chaguo la sync, yaani data iandikwe kwenye flashi papo hapo. Usalama unaongezeka, ila kasi inashuka, na kwenye FAT chipu za flashi huchakaa mapema kwa kuandikwa upya mahali palepale. Windows 10, toleo la 1809, ilifanya uondoaji wa haraka, yaani kuchomoa bila kuaga kwanza, kuwa mpangilio wa kawaida, na kwa vifaa vya mfukoni naona uamuzi huo ni mzuri.

Kwenye zoezi la mchana, anzeni kunakili faili kubwa, kisha andikeni 1 kwenye /sys/block/sdb/device/delete, baada ya kuhakikisha kwamba sdb ndiyo flashi. Someni ujumbe wa keneli kwa dmesg. Halafu rudieni kwa kuchomoa kwa mkono, kwa sababu njia ya kwanza humwondoa mtu ambaye bado anaitika, na draiva hupata nafasi ya kumuaga.