Mtambo Hununuliwa Mara Moja, Umeme Hulipwa Kila Mwezi



Oktoba 1968, watu wa mbali walimwona kwenye televisheni mzee wetu John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, akimaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, giza limeingia, mguu umefungwa bandeji. Nyumbani hatukumwona. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na Gendabi. Tulipoteza ndugu zaidi ya 80. Safari hii picha zilikuwapo, tena nyingi, kwenye simu. Lakini sisi tulioko mijini tulishinda tukiulizana: hii ni ya leo? Ni mtaa gani? Barabara inapitika? Picha hazikukosekana. Alikosekana mtu aliye palepale, anayejulikana, wa kutuambia lipi ni kweli.

Ndiyo maana kamati yetu inaleta hoja ya kituo kidogo cha televisheni ya kidijitali. Tuseme ukweli mapema. Mtambo wa nguvu ndogo hufikia mji na vijiji vinavyouona mnara. Walio nyuma ya kilima watakosa. Dijitali haileti chenga kama analojia: mawimbi yakidhoofika, picha hukatika kabisa. Mtazamaji lazima awe na king'amuzi, au televisheni yenye king'amuzi ndani yake. Mnara wa Katesh hautafika Haydom.

Sasa hesabu. Mtambo, kamera na mnara hununuliwa mara moja, na harambee hupenda vitu vya kupigia picha. Umeme, leseni, fundi na posho ya vijana wa habari hulipwa bila kukoma. Tunajifahamu: tuliwahi kuchangia jenereta, tukapiga makofi, likanyamaza kwa kukosa dizeli. Kituo kinachozimika mwezi wa nne hakitamwonya mtu mvua za Desemba zikija.

Kwa hiyo tunaomba ahadi mbili kwenye kadi moja. Atakayetoa shilingi 50,000 za mtambo, aahidi pia shilingi 5,000 kila mwezi kwa miaka miwili. Ahadi za kila mwezi zisipotosha gharama za uendeshaji, mtambo hatununui, na kila mmoja atarudishiwa chake.

Kitabu cha risiti kiko mezani.