Tangazo la Mtandaoni Pekee Halitoshi

Maelezo kwa wakaazi katika baraza la wadi kuhusu ushirikishwaji wa umma



Mama mboga anafika sokoni asubuhi na kuambiwa ada ya siku imepanda. Akiuliza ni nani aliyeipandisha, anajibiwa kwamba wananchi waliulizwa maoni. Waliulizwa wapi? Kwenye tovuti na mitandao ya kijamii. Yeye ana simu ndogo isiyo na intaneti, na siku maoni yalipopokewa alikuwa kwenye meza yake akiuza sukuma wiki. Je, mama huyo alishirikishwa?

Swali la aina hii liliwahi kufika Mahakama Kuu. Kaunti ya Kiambu ilikuwa imepitisha Sheria ya Fedha ya 2013, iliyoweka kodi na ada mbalimbali. Walalamishi walikwenda mahakamani wakisema umma haukushirikishwa ipasavyo, na mnamo Aprili 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha sheria hiyo. Alieleza kwamba haitoshi kutuma ujumbe mtandaoni kisha kumwachia anayejali autafute mwenyewe. Bunge la kaunti linapaswa kuwafuata watu pale wanapokutana: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza na redioni, zikiwemo redio za lugha za mama. Jambo likihusu kodi na ada, wajibu huo ni mzito zaidi.

Uamuzi huo haukuukataa mtandao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja tovuti miongoni mwa njia za kuwafikia wananchi, pamoja na televisheni, redio za jamii na mikutano ya hadhara. Kijana wa hapa anayefanya kazi mbali anaweza kusoma mswada kwenye simu na kutuma maoni usiku. Mtu anayeishi na ulemavu anaweza kutoa maoni bila kulipa nauli ya bodaboda. Lakini mzee asiye na simu ya kisasa, au mama asiye na pesa ya bando, naye ni mlipa ada. Ndiyo maana mtandao unapaswa kuongezwa juu ya baraza, usichukue nafasi yake.

Upande wa mwananchi nao una kazi. Kwanza ni kujua kalenda. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mwelekeo wa matumizi ya fedha hufikishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mswada wa Fedha, ule unaogusa ada za soko na leseni za biashara, hupaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bunge kuidhinisha matumizi. Anayeomba zahanati baada ya bajeti kupitishwa amechelewa. Ombi hilo lilihitajika wakati mpango ulipokuwa ukiandikwa.

Pili ni kutoa maoni yanayoweza kufanyiwa kazi. Kusema "ada ni ghali" hakumsaidii mjumbe wa kamati. Maoni yenye uzito hutaja kipengele, hupendekeza badiliko na kutoa sababu: kwa mfano, kwamba anayeuza kikapu kimoja cha nyanya asitozwe sawa na anayeshusha lori zima, kwa kuwa faida zao hazilingani. Maneno hayo yanaweza kusemwa barazani, kuandikwa kwa karani wa bunge la kaunti au kutumwa mtandaoni. Jina katika daftari la mahudhurio huonyesha tu kwamba mtu alifika.

Tatu ni kufuatilia. Kaunti hailazimiki kukubali kila pendekezo, lakini inapaswa kuyazingatia yote kwa dhati. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inatakiwa kuamua ombi hilo ndani ya siku 21. Asiyeweza kuandika husaidiwa na afisa kuliweka ombi lake katika maandishi. Vilevile, kila mtu ana haki ya kuwasilisha malalamishi ya maandishi kwa serikali ya kaunti, nayo ina wajibu wa kujibu.

Sheria ya fedha ikivunjwa mahakamani, kaunti hukosa msingi wa kutoza ada zilizomo, na ada hizo ndizo husaidia kuzoa taka sokoni na kununua dawa za zahanati. Gharama ya kuwasikiliza watu mapema ni ndogo kuliko hiyo.

Anayepata tangazo la kikao kwenye simu yake, basi, amwambie jirani asiye na simu ya aina hiyo, kisha waende pamoja.