Hotuba Juu ya Kifua Kikuu cha Utando wa Ubongo



Wengi wetu twajua kifua kikuu cha mapafu. Lakini vijidudu vyake huweza kusafiri kwa damu mpaka kwenye utando unaofunika ubongo. Hapo ugonjwa huwa mbaya kuliko namna zake zote.

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Huvizingira vijidudu hivyo, vikalala miaka mingi bila kudhuru. Virusi vya Ukimwi huwaua askari hao, na vijidudu hupata njia. Kwa hiyo mwenye virusi, hasa asiyetumia dawa, huugua upesi zaidi, na akiugua, hatari ya kufa ni kubwa kuliko ya mwenzake asiye navyo.

Dalili ni hizi: kichwa kuuma siku nyingi, homa, kutapika, kukonda, shingo kukakamaa, na akili kuvurugika. Mtu huyu asimeze vidonge vya dukani akarudi kazini. Aende hospitali apimwe maji ya uti wa mgongo. Akingoja mpaka azimie, hata dawa nzuri huenda isimwokoe.

Matibabu huchukua kama miezi 12. Dawa za kifua kikuu huanza mara moja. Dawa za virusi, kwa ambaye hajazianza, daktari hungoja wiki 4 au zaidi, maana askari wa mwili wakirudi kwa ghafula, ubongo huweza kuvimba. Uchunguzi wa Vietnam uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuharakisha hakukuokoa maisha zaidi, bali kulizidisha madhara makali. Lakini anayezitumia tayari asiziache bila amri ya daktari.

Sasa neno la Chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mfanya kazi kwa sababu ya virusi vya Ukimwi. Lakini likizo ya ugonjwa iliyowekwa humo, kwa uchache, ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Siku 14 kwa matibabu ya miezi 12! Mwenye kuhofia mshahara wake huficha kichwa kinachomuuma. Basi tukikaa na waajiri kufanya mapatano, tudai siku zaidi, na kazi nyepesi kwa anayerudi.

Wala tusimkimbie mwenzetu. Kama mapafu yake ni mazima, ugonjwa ulio ubongoni hauambukizi kwa pumzi.